Nani hulipia hewa safi? Fedha za umma na moshi wa Eldoret

Mji wa Eldoret ulitawazwa kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024, ukawa wa tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Pamoja na hadhi hiyo kulikuja jukumu ambalo halionekani kwa macho wala halizinduliwi kwa kukatwa utepe. Jukumu hilo ni kuhakikisha kwamba hewa wanayovuta wakazi wa jiji, ambao walikuwa 475,716 wakati wa sensa ya 2019, haiwadhuru.

Je, serikali hutumia pesa ngapi kupunguza uchafuzi wa hewa katika jiji kama hili? Swali ni rahisi kuuliza, lakini jibu lake ni gumu kulipata. Anayefungua kitabu cha makadirio ya bajeti akitafuta fungu lenye jina la hewa safi huenda akatoka mikono mitupu. Hii haina maana kwamba hakuna fedha zinazoigusa hewa. Zipo, tena nyingi, ila zimetawanyika katika barabara, taka, kawi, afya na ushuru, na kila idara huzihesabu kwa jina lake yenyewe. Makala haya yanaeleza fedha hizo ziliko na namna mwananchi anavyoweza kuzifuatilia.

Sheria inavyogawa kazi

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yenye kufaa afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani anapoona haki hiyo inakiukwa, na hahitaji kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara au madhara.

Ugawaji wa kazi umo katika Jedwali la Nne. Humo, udhibiti wa uchafuzi wa hewa umetajwa waziwazi kuwa kazi ya serikali za kaunti, sambamba na udhibiti wa kelele na kero nyinginezo za umma. Uzoaji wa taka na usimamizi wa majaa pia ni kazi ya kaunti. Serikali ya kitaifa nayo ilibaki na ulinzi wa mazingira kwa jumla, sera ya kawi, barabara kuu na uwekaji wa viwango.

Hapo ndipo lilipo fundo. Kaunti ya Uasin Gishu imekabidhiwa hewa ya Eldoret, lakini haiamui ubora wa dizeli inayouzwa katika vituo vya mafuta, wala umri wa magari yanayoingizwa nchini, wala mahali pa kupitisha barabara kuu. Serikali ya kitaifa kwa upande wake ina mamlaka juu ya mambo hayo yote, lakini inaweza kuinyoshea kaunti kidole moshi unapozidi. Wakati mwenye kazi na mwenye uwezo ni watu wawili tofauti, fedha hupotea njia kwa urahisi.

Katikati yao iko Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliyoundwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Kanuni za ubora wa hewa zilizochapishwa mwaka 2014 ziliweka viwango vya hewa na kuvitaka viwanda kuwa na leseni za kutoa moshi. Hata hivyo, kanuni hufanya kazi pale tu palipo na mkaguzi, gari la kumfikisha kiwandani na chombo cha kupimia, na vyote hivyo huhitaji fedha.

Moshi unatoka wapi

Ili kujua fedha ziende wapi, sharti kwanza kujua uchafu unatoka wapi. Eldoret iko kwenye barabara kuu inayotoka bandari ya Mombasa kupitia Nairobi na Nakuru hadi mpakani Malaba. Kwa miongo mingi, malori yote yaliyoelekea Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo kwa njia hiyo yalipita katikati ya mji. Isitoshe, bomba la mafuta lilifikishwa Eldoret mwaka 1994, na tangu hapo malori ya mafuta yamekuwa yakija kupakia kwenye ghala la hapa. Dizeli inayochomwa na injini kuukuu hutoa masizi na chembechembe laini, zile ambazo wataalamu huziita PM2.5. Ni ndogo mno kiasi kwamba hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu.

Chanzo cha pili ni taka. Mahali ambapo lori la kuzoa taka halifiki, wakazi huzichoma. Majaa nayo, yakiwamo yale ya Huruma na Kipkenyo ambayo majina yake yamezoeleka Eldoret, huweza kushika moto na kufuka kwa siku nyingi.

Chanzo cha tatu ni jikoni. Eldoret imeinuka takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya usiku inajulikana. Jiko la makaa hupikia na pia hupasha nyumba joto, mara nyingi mlango ukiwa umefungwa. Usiku wa baridi na utulivu, hewa nzito hutuama karibu na ardhi na kuzuia moshi kupaa, ndiyo maana alfajiri harufu ya moshi huwa kali kuliko saa sita mchana.

Kisha kuna vumbi la barabara zisizo na lami, vumbi la mashamba ya mahindi na ngano wakati wa kulima na kuvuna, pamoja na moshi wa pikipiki za bodaboda, ambazo waendeshaji wake hushinda wakivuta hewa ya barabarani kutwa nzima.

Fedha za hewa zisizoitwa za hewa

Mfano mkubwa zaidi ni barabara ya kuzunguka mji, maarufu kama baipasi, yenye urefu wa takribani kilomita 32. Inaachana na barabara ya Nakuru upande wa Cheplaskei, inapitia Kapseret na kuungana tena na barabara kuu huko Leseru. Ilijengwa kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ili kupunguza msongamano. Katika vitabu vya serikali hizo ni fedha za barabara. Hata hivyo, kila lori linalopita nje ya jiji huenda na moshi wake, na mchuuzi wa Uganda Road hufaidika ingawa hakuna aliyemtaja katika mkataba.

Faida hiyo inaweza kupotea. Barabara mpya huvuta maduka, vituo vya mafuta na nyumba za kupanga. Ardhi iliyo kandokando ya baipasi ikijengwa kiholela, baada ya miaka michache malori yatakuwa yamerudi katikati ya makazi ya watu, na jiji litahitaji baipasi nyingine. Kwa hivyo, gharama ndogo ya kupanga matumizi ya ardhi leo ndiyo inayolinda gharama kubwa iliyokwisha kulipwa.

Mfano wa pili ni mpango wa kustawisha miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa mkopo wa dola milioni 300 za Marekani kuanzia mwaka 2017. Ulihusisha miji 59 katika kaunti 45, Eldoret ikiwamo. Ruzuku zake ziliruhusiwa kutumika katika uzoaji wa taka, mitaro ya maji ya mvua, barabara na njia za waendao kwa miguu, na huduma za zimamoto. Hewa haikuwa kipengele cha pekee katika orodha hiyo. Lakini njia ya miguu iliyotandikwa vizuri hupunguza vumbi na kumwezesha mtu kuacha matatu akatembea, na lori la taka linalofanya kazi huzima mioto mingi kabla haijawashwa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipuuza. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Hiyo ni kanuni njema, kwani bila hiyo mishahara ingemeza kila kitu. Lakini hewa safi hutegemea sana matumizi ya kawaida, kama vile dizeli ya lori la taka, vipuri vyake, mshahara wa mkaguzi na marekebisho ya mitambo ya kupimia. Kununua malori kumi ni maendeleo, na hupigwa picha. Kuyatengeneza mwaka wa tatu ni matumizi ya kawaida, na hakuna anayealikwa kutazama. Lori likilala gereji wiki mbili, mtaa mzima huwasha moto. Fungu la vipuri, kwa maana hiyo, ni fungu la hewa.

Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 imeongeza uzito wa hoja hii. Inawataka wananchi watenganishe taka kuanzia nyumbani, na kaunti ziwe na vituo vya kuzichambua ili kinachoweza kutumika tena kisifike jaani. Taka zinazooza zikiondolewa na kugeuzwa mbolea, hewa inayoshika moto majaani hupungua. Hata hivyo, mwananchi akitenganisha taka zake kisha lori moja likazibeba zote kwa pamoja, bidii yake itakuwa ya bure.

Ushuru na viwango

Serikali hutumia fedha kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulipa kutoka hazina. Ya pili ni kuacha kutoza ushuru ambao ingeweza kuutoza. Njia hii ya pili haionekani kirahisi, lakini ina nguvu kubwa juu ya hewa tunayovuta.

Gesi ya kupikia ni mfano wazi. Ushuru wa VAT uliondolewa kwenye gesi mwaka 2016. Mnamo Julai 2021 ulirudishwa kwa asilimia 16, mwaka 2022 ukapunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ukaondolewa tena. Kwa upande wa mafuta ya taa, mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ili kukomesha wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Lengo lilikuwa la haki, lakini familia iliyopikia mafuta ya taa ilihitaji mahali pa kukimbilia. Gesi ikiwa ghali, familia hiyo hurudi kwenye makaa. Mama aliyenunua mtungi mwaka 2020 kwa sababu bei ilimfaa aliweza kujikuta mwaka uliofuata akiuweka pembeni. Sera inayobadilika kila baada ya mwaka mmoja au miwili huvunja mazoea kabla hayajajengeka.

Mgala muue na haki umpe. Kuna hatua ambazo serikali ilichukua zikaleta manufaa makubwa kwa gharama ndogo ya hazina. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa nchini kufikia mwaka 2006, kama nchi za Kusini mwa Sahara zilivyokubaliana mjini Dakar mwaka 2001. Mnamo Januari 2015, Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni, ilhali awali kiwango kilichoruhusiwa Kenya kilikuwa sehemu 500. Magari yaliyotumika ng'ambo kwa zaidi ya miaka minane hayaruhusiwi kuingizwa nchini. Mwaka 2019, ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10.

Funzo lililopo ni kwamba kiwango bora kikiwekwa na kusimamiwa hufika kila kona ya nchi kwa siku moja, Eldoret na Lodwar pamoja. Mahali pagumu ni usimamizi. Dizeli safi ndani ya injini iliyochakaa bado hutoa masizi, na gari lililoingia likiwa na umri wa miaka saba laweza kukaa barabarani miaka ishirini zaidi.

Gharama ya kukaa kimya

Huenda msomaji akasema kwamba kaunti haina pesa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Uasin Gishu kutoka hazina ya kitaifa ulikuwa zaidi kidogo ya Sh8 bilioni. Ukigawanya kiasi hicho kwa wakazi 1,163,186 waliohesabiwa mwaka 2019, utapata chini ya Sh7,000 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Humo zimo dawa, mishahara ya wauguzi, barabara za mashinani na shule za chekechea. Hewa inapopiga foleni nyuma ya mambo hayo yote, si ajabu ikasahaulika.

Lakini kutolipa hapa ni kulipa kwingine. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje na ya majumbani kwa pamoja huchangia vifo vya watu takribani milioni 6.7 duniani kila mwaka. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba madhara ya kiafya ya chembechembe laini yaligharimu dunia dola trilioni 8.1 mwaka 2019, sawa na asilimia 6.1 ya pato lote la dunia. Nimonia kwa watoto, kiharusi, magonjwa ya moyo na ya mapafu ni miongoni mwa madhara hayo. Eldoret ndiyo makao ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, inayopokea wagonjwa kutoka eneo lote la magharibi mwa nchi. Kitanda kinachokaliwa na mgonjwa wa mapafu kina gharama, na gharama hiyo hulipwa na umma pamoja na jamaa za mgonjwa.

Wakati mwingine bili huja kupitia mahakamani. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya risasi katika makazi ya watu kwa miaka kadhaa. Wakazi walishtaki, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya Sh1.3 bilioni, lawama ikiziangukia pia taasisi za serikali, NEMA ikiwamo. Baada ya vuta nikuvute katika Mahakama ya Rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo mnamo Desemba 2024. Ukaguzi wa kiwanda hicho mapema ungegharimu sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, na watoto wasingedhurika.

Kupima ndiyo shilingi ya kwanza

Mali bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Hewa nayo ina daftari lake, na daftari hilo ni vipimo. Bila kujua kiwango cha uchafu kabla ya baipasi na baada yake, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba fedha zile zilinunua hewa safi kiasi gani. Mwaka 2021, WHO ilishusha kiwango inachopendekeza cha PM2.5 kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Pasipo chombo cha kupimia, jiji haliwezi kujua liko mbali kiasi gani na kiwango hicho.

Zamani hoja ya bei ilikuwa na nguvu, kwa kuwa kituo rasmi cha kupimia hewa ni ghali kununua na kutunza. Siku hizi kuna vifaa vidogo vya bei nafuu zaidi. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, walianzisha mradi wa AirQo mwaka 2015, wakabuni vifaa vinavyostahimili vumbi na joto la miji ya Kiafrika, na sasa vinatumika katika miji ya nchi kadhaa za bara hili. Nairobi nayo iliandaa mpango wa ubora wa hewa wa 2019 hadi 2023, jambo linaloonyesha kwamba kaunti inaweza kulitekeleza jukumu lake bila kungoja kusukumwa.

Mbali zaidi, jiji la Beijing nchini China lilikuwa na wastani wa maikrogramu 89.5 za PM2.5 mwaka 2013. Kufikia mwaka 2021 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi 33. Beijing ilitumia mabilioni ambayo Eldoret haina, lakini pia ilipima, ikatangaza matokeo hadharani na kuelekeza fedha mahali vipimo vilipoonyesha. Hilo la kupima na kutangaza haliko nje ya uwezo wa kaunti.

Mwananchi na kalenda ya bajeti

Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi na ushirikishaji wa umma katika masuala ya fedha. Kalenda inajulikana. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Taarifa ya mwelekeo wa matumizi hufuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ili yaidhinishwe kabla ya mwaka wa fedha kumalizika Juni 30. Baadaye, Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti zinazoonyesha ni kiasi gani kilichotumika kwa kweli. Fungu laweza kuandikwa katika bajeti na lisitolewe hata senti.

Anayehudhuria kikao cha kutoa maoni anaweza kuuliza maswali manne. Je, ni malori mangapi ya taka yanayofanya kazi leo, na fungu la matengenezo yake ni kiasi gani? Je, kuna fedha za kupima hewa, na matokeo yatatangazwa wapi? Je, ardhi iliyo kandokando ya baipasi imepangiwa matumizi gani? Na ni wakaguzi wangapi walioajiriwa kufuatilia moshi wa viwanda, majaa na uchomaji wa taka mitaani?

Maswali hayo hayahitaji mtaalamu. Mwendeshaji wa bodaboda anaweza kuyauliza, vivyo hivyo muuza mboga na mwalimu wa chekechea. Mradi ambao haukuingizwa katika mpango wa Septemba ni vigumu kupata fedha Aprili inayofuata, kwa hivyo wanaotaka hewa itengewe fungu lenye jina lake wanapaswa kufika mapema, kabla mpango huo haujapelekwa bungeni.